Kivuli cha Mchumaji wa Warwick

Methali ya "Mchumia juani hulia kivulini" siku hizi imehamia kwenye kumbi za semina. Mhamasishaji anapanda jukwaani na suti yake, kiyoyozi kinavuma, anawaambia vijana waliolipa kiingilio kwamba wakikubali kulala kwa saa nne tu, wakaacha kusalimia ndugu na kuhudhuria misiba, baada ya miaka kumi watakula kivulini. Imechorwa nyuma ya daladala na kwenye bodaboda, na kila Jumatatu asubuhi inapandishwa kwenye statasi za WhatsApp na watu ambao bado wako kitandani. Imebaki kauli mbiu: teseka leo, utafaidi kesho. Na kesho ikifika hujafaidi, basi hukuteseka vya kutosha.

Maneno ya methali hii hayana ugomvi. Ugomvi uko kwenye kivuli. Je, kivuli ni zawadi ambayo jua lenyewe humpa mvumilivu mwishoni, au ni haki ya mchumaji ambayo mwingine anaweza kumpora mchana kweupe? Wa semina wameshika la kwanza, na wazee wengi wako upande wao, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa shuleni na ndivyo walivyowafundisha watoto wao. Pa kuwapimia ni Warwick Junction, mjini Durban, Afrika Kusini, ambako jua na kivuli vimepiganiwa kwa mikutano, kwa mawakili na mara moja moja kwa risasi za mpira.

Warwick ni makutano yaliyo ukingoni mwa katikati ya jiji, reli, mabasi, teksi na barabara kuu zote zinapokutania. Enzi za ubaguzi wa rangi hapo ndipo Mwafrika alipopitia asubuhi kuingia mjini kufanya kazi, na jioni akapitia hapo hapo kurudi kitongojini. Leo inakadiriwa kuwa watu wapatao 460,000 hupita pale kwa siku, na wachuuzi ni kati ya 5,000 na 8,000, wametawanyika katika masoko tisa yaliyobanana chini ya madaraja ya magari, juu yake na pembeni yake. Kuna soko la shanga, soko la dawa za miti shamba, na kuna wanaouza ubani wa Kizulu uitwao impepho pamoja na madongo ya chokaa nyeupe ambayo waganga hujipaka. Kuna wauza mahindi ya kuchemsha. Na kuna wapika vichwa vya ng'ombe.

Hawa wa vichwa wanastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa mila za Kizulu kichwa cha ng'ombe ni chakula cha wanaume, lakini pale Warwick wapishi ni wanawake. Mama anashika kisu, anakwangua nyama kwenye fuvu mpaka mfupa unabaki mweupe, anaichemsha kwenye sufuria kubwa, kisha anaikatakata juu ya ubao na kumwekea mteja na donge la unga wa ngano. Mvuke unampiga usoni kutwa nzima. Miaka ya 1990 walikuwa wakipikia moto wa wazi pembeni mwa barabara, na mafuta ya nyama yakimwagwa yanaganda ndani ya mitaro ya maji ya mvua na kuiziba. Kwa afisa afya wa mji wowote hiyo ni sababu tosha ya kuleta lori na kufagia kila kitu.

Kabla ya hapo ndivyo ilivyokuwa. Kwa miongo mingi mchuuzi wa Durban alikuwa mtu wa kusogezwa. Kanuni zilimtaka asikae mahali pamoja, na aliyechelewa kusogea alikamatwa. Sheria ya mwaka 1991 ilipolegeza biashara ya mitaani nchini kote, watu walimiminika, na wauza dawa za miti wakajipanga kando ya barabara ya Russell, wengine wakilala hapo hapo na mizigo yao, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Wote hao walikuwa wamechumia juani kwa kipimo chochote utakachochagua. Kama jua lingekuwa linatoa kivuli kama mshahara, wangekuwa wamekwisha lipwa zamani.

Hawakulipwa na jua. Mwaka 1994 wanawake waliojiajiri wa Durban waliunda chama chao, SEWU, wakaanza kudai mambo ambayo hayana mvuto wowote jukwaani: maji ya bomba, vyoo, paa, mahali pa kuweka mzigo usiku. Kuanzia 1996 manispaa nayo ikaanzisha mradi wa kuendeleza eneo la Warwick, na maafisa wake wakafanya jambo la nadra, yaani kukaa na wachuuzi na kuwauliza kazi yao inaendaje hatua kwa hatua. Wapika vichwa wakajengewa vibanda vinavyoendana na upishi wao. Wauza dawa wakapewa daraja. Ndiyo, daraja: vipande vya barabara ya juu vilivyokuwa vimeachwa bila kumaliziwa vikaezekwa, vikaunganishwa kwa njia ya waenda kwa miguu, na lile zege lililokuwa limekaa bure likawa soko.

Paa la bati juu ya zege, basi. Hicho ndicho kivuli. Na mchuuzi hakungoja miaka kumi ndipo akipate. Alikipata akiwa bado anachuma, mchana ule ule, siku ile ile. Wahamasishaji wamelisahau hili. Mchumaji wa shambani hakuvuna tangu ujana ili aje aketi chini ya mwembe uzeeni. Aliketi adhuhuri, akala, akapumzika, akarudi kazini. Methali imeshika mwendo wa siku moja ya kazi ya haki, sisi tukaigeuza kuwa mpango wa kustaafu. Matokeo yake tuna kizazi kinachoona fahari kutokulala, kinachomwambia mke na watoto "subirini kidogo" mpaka watoto wanaota ndevu, na mwajiri anayemnyima dada wa kazi siku ya mapumziko kisha anamtia moyo kwa methali. Mtume alifundisha kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hakusema asubiri lichuruzike miaka kumi.

Jua lenyewe halina utukufu. Mwizi wa ng'ombe naye hutoka jasho.

Lipo la pili, zito kuliko hilo. Methali inamtaja mtu mmoja tu: anayechuma ndiye anayekula. Hiyo ni nusu inayomezwa kimyakimya kila inapokaririwa. Historia ya Durban inaonyesha jinsi mchumaji na mlaji walivyotenganishwa. Mwezi wa Novemba 1860 meli iitwayo Truro ilitia nanga ikiwa na Wahindi wa kwanza waliokuja kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Natal. Walikata miwa juani. Kivuli kilikuwa baraza la mwenye shamba. Mwaka 1873 wakaletwa watumwa waliookolewa na manowari za Waingereza, wakapitia Unguja na kwa hiyo wakaitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa Wamakua. Nao walipewa mabwana wa kuwatumikia. Baadaye wakajenga maisha yao eneo la King's Rest, upande wa Bluff, mpaka miaka ya 1960 sheria ya kugawa makazi kwa rangi ilipowahamishia Chatsworth. Wahamasishaji wangewaambia nini hawa? Kwamba hawakuvumilia?

Mbele ya mambo kama hayo, ukiichukua methali kama taarifa ya jinsi dunia inavyokwenda, inakuwa uongo mtupu. Haikutungwa na mtu mjinga kiasi hicho. Mtunzi wake alijua vizuri kwamba wako wanaochuma na wako wanaokula. Waswahili hao hao ndio waliosema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Methali ya mchumaji inaweka dai mbele ya walaji hao: aliyechuma apishwe kivulini, na aliyekaa kivulini bila kuchuma aulizwe kafikaje. Ukiisoma hivyo haimbembelezi tena mnyonge atulie. Inamkera mwenye nafasi.

Wapo Wahindi waliomaliza mikataba yao wakalima mboga na kuziuza mjini, wakafukuzwa huku, wakahamishiwa kule, mpaka soko lao likatambuliwa mwaka 1910. Soko hilo, linaloitwa Soko la Asubuhi, lilihamia Warwick mwaka 1934. Karibu karne nzima ya kuamka usiku wa manane, vizazi vitatu hadi vinne kwenye meza ile ile, baadaye Waafrika na Wahindi wakiuza bega kwa bega. Halafu mwaka 2009, jiji likijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2010, baraza la manispaa likatangaza mpango wa kubomoa soko na kujenga jumba la maduka. Wageni wangekuja, na jiji lilitaka kuonekana limesafishika.

Wachuuzi walikataa. Polisi waliwafyatulia risasi za mpira. Mawakili wa haki za jamii waliwasimamia mahakamani. Shirika la Asiye eTafuleni, lililoanzishwa mwaka 2008 na Richard Dobson na Patrick Ndlovu, waliokuwa wamefanya kazi katika ule mradi wa manispaa, liliwapa utaalamu wa michoro na mipango. Kombe la Dunia lilichezwa, likaisha, na mwaka 2011 baraza likaufuta uamuzi wake. Soko lipo. Kama watu wale wangeisikiliza tafsiri ya semina, wangekunja meza zao wakatafute jua jipya pengine, wakiamini kwamba subira itavuta heri.

Wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kuelezwa zaidi. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za jiji na kuelekezwa kwenye maeneo waliyopangiwa, na ni neno gani halikukosekana midomoni mwa waliowahutubia? Uvumilivu. Huenda kuwapanga kulikuwa na sababu zake, maana waenda kwa miguu nao wana haki ya njia. Lakini mtu anayehamishwa anahitaji kujua wateja watapita wapi, choo kiko wapi na mzigo utalala wapi. Kumjibu kwa methali ni kumtukana kwa adabu.

Kesi ya Makwickana inafaa kusomwa na kila askari wa jiji, wa kwao na wa kwetu. Mchuuzi huyo wa Durban alichukuliwa bidhaa zake mwaka 2013 chini ya sheria ndogo za manispaa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Durban iliamua kwamba vifungu vilivyoruhusu uchukuaji wa namna ile vinapingana na katiba, na ikaamuru alipwe fidia. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo. Uzito ulikuwa kwamba tunda lililomo mkononi mwa mchumaji lilitambuliwa kuwa mali yake.

Wenye tafsiri ya zamani wana hoja moja ambayo haivunjwi kirahisi. Waulize akina mama wa Warwick kwa nini wanavumilia moshi, na wengi watataja ada ya shule. Kivuli chao kiko mbele, kiko ndani ya mtoto atakayekuwa muuguzi au mwalimu. Je, mama huyo naye kakosea kuielewa methali? Hapana. Amechagua mwenyewe kutoa sehemu ya kivuli chake kwa mwingine, na uchaguzi huo ni wake, una heshima yake. Tofauti inakuja pale anapochaguliwa: serikali, mwajiri, au hata mwanawe mwenyewe aliyekwisha kupata kazi, anaposema mama amezoea. Kuna vijana wenye magari ambao bado mama zao wanapika barabarani, nao wakiulizwa wanajibu kwamba mama hataki kukaa bure. Wengine wanasema kweli. Wengine wamejifariji tu.

Na iko hatari ya upande wa pili, kwamba dai la mchumaji ligeuzwe fimbo ya kumpigia mchumaji mwenzake. Durban ina Wakongo wengi kutoka Kivu, Warundi na Watanzania. Kiswahili kinasikika pale bila kutafutwa. Aprili 2015 wageni walishambuliwa mjini humo, maduka yakaporwa, maelfu wakalala kwenye mahema. Waliowashambulia walikuwa na hoja inayofanana sana na ya makala haya: sisi ndio tuliochumia, hawa wamekuja kula. Ila hawakuuliza nani kachuma. Kinyozi kutoka Bukavu aliyesimama kutwa na mashine yake hakula cha mtu. Methali haiulizi pasipoti.

Machi 27, 2020, Afrika Kusini ilifunga shughuli zake kwa sababu ya korona. Maduka makubwa ya vyakula yaliachwa wazi kama huduma ya lazima. Mchuuzi wa mboga hakuhesabiwa. Mashirika ya wachuuzi yalipaza sauti, na Aprili 2 kanuni zikarekebishwa, wauza vyakula wakaruhusiwa ilimradi wawe na kibali cha manispaa. Siku zile chache mboga iliyokuwa imeshanunuliwa kwa jumla ilioza mikononi mwa walioilipia, wengi wao wakiwa watu wanaokula leo kilichouzwa leo. Waliowahimiza wavumilie waliyasema hayo kutoka majumbani mwao, na mishahara yao ya Machi ilikuwa imekwisha kuingia benki.