Usiizime Seva Kabla Hujasoma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa saa tano na dakika arobaini usiku nimeuona alfajiri, nikitafuta miwani. Picha tatu za skrini: ya kwanza imekatwa juu, ya pili imekatwa chini, ya tatu ni ile ile ya pili. Halafu maneno: "Shikamoo mzee, skripti imegoma tena, seva nimeiwasha upya mara tatu, sasa nataka kubadilisha msimbo wa C#." Marahaba. Usibadilishe kitu. Kanywe chai kwanza.

Sina hasira nawe. Hasira nayo inataka nguvu, na nguvu zangu siku hizi nazitunzia ngazi za ofisini, maana lifti haina ahadi. Haya nitakayokuambia nimeshawaambia waliokutangulia, wakanisikiliza kama unavyonisikiliza wewe, kwa heshima zote, huku kidole kiko kwenye kitufe cha kuwasha upya.

Nyumba hiyo, yaani programu yenu, naijua. Msingi wake niliuchimba mimi. Ndiyo maana nimeelewa vizuri kwamba uliposema unataka kubadilisha C# ulikuwa unaniambia kwa adabu kuwa kosa ni langu. Huenda. Ila lithibitishe. Programu nzima ya mikopo ya chama inaendeshwa na .NET, na ndani yake tuliikaribisha IronPython, yaani Python inayoishi ndani ya .NET, ili kanuni za riba, adhabu na makato ziandikwe pembeni, mtu wa mikopo akitaka kubadilisha asilimia asisubiri tuijenge programu upya na kuisimika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji alipona. Lakini mgeni huyu ana hesabu zake na desturi zake, na amelazwa katika nyumba ambayo hata takataka zake zinazolewa na mtu wa mwenyeji. Kwa hiyo likitokea kosa, uliza kwanza limetokea upande upi wa kizingiti. Ukikosea hapo, utakesha ukitafuta ng'ombe wa jirani katika zizi lako.

Tuanze na picha zako. Ulichonipiga picha ni mlolongo wa makosa kwa lugha ya mwenyeji: mistari arobaini na kitu ya majina marefu ya ndani ya .NET, ambayo hata walioyaandika hawayasomi kwa hiari. Mstari wa skripti uliokosea umezikwa humo, au haumo kabisa. IronPython inajua kueleza kosa kwa lugha yake, kwa jina la faili na namba ya mstari, lakini haisemi mpaka iulizwe. Unapolikamata kosa upande wa C#, iombe injini ya IronPython huduma yake iitwayo ExceptionOperations, kisha uite FormatException juu ya kosa hilo. Yatatoka maneno mafupi, mistari mitano au sita, kama ambavyo Python ya kawaida ingesema. Hayo ndiyo uyaandike kwenye logi. Ni mistari miwili ya msimbo, na imeniokolea usiku mwingi kuliko kahawa.

Kuna jambo dogo ambalo kila kijana analiruka. Skripti zenu zinasomwa kutoka kwenye kanzidata kama maandishi matupu, kisha injini inapewa maandishi hayo bila jina. Matokeo yake kila kosa linasema limetokea katika "<string>", mstari wa 14. Skripti ziko kumi na mbili, na kila moja ina mstari wa 14. Sasa ni ipi? CreateScriptSourceFromString inakubali upitishe pia njia ya faili, na hata faili lenyewe lisipokuwepo duniani, jina hilo litatokea kwenye ripoti ya kosa. Ipe kila skripti jina lake. Mtoto asiye na jina, akivunja dirisha utamwita nani?

Halafu umeniambia uliweka print ndani ya skripti na haikutoka kitu, ukahitimisha kuwa skripti haikuendeshwa. Iliendeshwa. Print imeandika kwenye mlango wa maandishi wa programu, na programu inayoishi kwenye seva haina dirisha la kuonyesha maandishi hayo kwa mtu. Yamemwagika gizani. Injini ina mahali pa kuelekeza maandishi hayo, ukipitia Runtime.IO na kuita SetOutput, na ukiyaelekeza kwenye logi utaanza kumsikia mgeni akizungumza. Katika kazi hii nimeona watu wengi wakimshtaki bubu kumbe wao ndio wameziba masikio.

Baada ya hapo, simama kizingitini na ukague mizigo. Hapa nitakaa kidogo.

Unakumbuka mwaka ule wanachama waliokopa kwa asilimia 5 walipotozwa riba ya sifuri? Hukumbuki, ulikuwa bado chuoni. Mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa kiwango cha 12.5 ulitoa riba ya 250,000, sawasawa. Mkopo huo huo kwa kiwango cha 5 ulitoa sifuri. Kwa 18, sifuri. Kwa 7.5, sawasawa. Siku mbili tulibishana kama kanzidata imeharibika. Mmoja wetu alishauri tubadilishe seva. Kumbe viwango vilikuwa vinasomwa kutoka kwenye faili la mipangilio, na kisomaji, kwa akili yake nzuri kabisa, kikiona 12.5 kinaichukua kama namba ya desimali, kikiona 5 kinaichukua kama namba nzima. Namba ikavuka kizingiti na aina yake hiyo. Ndani, skripti ilisema kiwango / 100 * mkopo. IronPython yetu ilikuwa ya 2.7, na katika Python ya pili, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima inatoa namba nzima: 5 kwa 100 ni sifuri, baki limetupwa. Sifuri mara milioni mbili unaijua.

Tazama jinsi jambo lilivyojificha. Mwandishi wa skripti angeanza na mkopo, akaandika mkopo * kiwango / 100, majibu yangekuwa sahihi, au yangepungua chini ya shilingi moja tu, na pengine kasoro ingelala humo hadi leo. Mwenyeji hakuwa na kosa. Mgeni naye alifuata sheria ya kwao neno kwa neno. Tulikuja kuiona pale tu mtu mmoja, si mimi, alipoandika type(kiwango) kwenye mstari wa kwanza wa skripti na kulitazama jibu kwa wanachama wawili, mmoja baada ya mwingine. Dawa ilikuwa kuandika 100.0, na baadaye kuweka juu ya kila skripti tangazo la kuleta mgawanyo wa Python mpya. Toleo la 3.4 lililotoka Desemba 2022 linagawanya kama binadamu, ila najua mtachukua muda kulihamia.

Kwa hiyo thamani ikikushangaza ndani ya skripti, usiulize ni ngapi tu. Uliza ni ya aina gani, na imevukia wapi. Fedha zikiwa zimehifadhiwa kama decimal upande wa C#, zisipite mlangoni zikawa double kisha zirudi decimal. C# yenyewe inakataa kuzichanganya hizo mbili bila ruhusa ya wazi, na ina sababu zake. Na njia ya C# iliyoandikwa kurudisha jibu la pili kupitia out, kwa mgeni inarudisha majibu yote mawili yakiwa yamefungwa pamoja. Ukipokea kwa mkono mmoja utashika furushi na kudhani ni namba.

Lile la skripti kukubali kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye seva, ikidai haijui moduli ya os, halistahili kukunyima hata usingizi wa nusu saa. Wewe kwako IronPython umeisimika nzima. Seva imepewa injini tu. Maktaba ya kawaida huja katika kifurushi cha peke yake, na injini lazima ionyeshwe iliko kwa SetSearchPaths. Na aliyeleta skripti yenye numpy mwambie kwa upole kwamba maktaba hiyo imejengwa kwa C kwa ajili ya Python nyingine, na hapa haitaingia hata akisukuma.

Ngoja nikupe kisa cha mtu aliyemleta mgeni huyu, kwa sababu kinanifariji ninapochoka. Jim Hugunin ndiye aliyewahi kuiingiza Python ndani ya Java mwaka 1997, kazi ambayo leo inaitwa Jython. .NET ilipokuja, alisikia ikisemwa kuwa haifai kwa lugha za namna hii, na alikusudia kuandika makala fupi ya kueleza kwa nini haifai. Kabla ya kuandika akajaribu. Vipimo vikamkatalia: Python iliendeshwa vizuri. Badala ya makala ikatoka IronPython, toleo la 1.0 mwaka 2006, akiwa ameshaajiriwa na Microsoft kwa kazi hiyo. Mwaka 2010 Microsoft ikaiachia mikononi mwa watu wa kujitolea, na wao ndio wanaoilea mpaka sasa. Wenzetu wa Java walikuwa na Nashorn ya kuendeshea JavaScript, ikaingia na Java 8 mwaka 2014, ikatolewa na Java 15 mwaka 2020, watu wakarudi ofisini wakakuta skripti zao hazina pa kulala. Nakuambia haya ili ukiona jambo kwenye mtandao, utazame na tarehe yake. Nusu ya majibu unayoyanakili yaliandikwa kwa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Chukua mfano huu: skripti iliyoingia katika mzunguko usio na mwisho, zamani tuliiua kwa kuukata uzi wake kwa Thread.Abort. Kwenye .NET ya sasa njia hiyo inatupa kosa la kutoauniwa na kazi imekwisha. Skripti usiyoiamini iendeshe katika mchakato wake wa pembeni, uue mchakato. Na ukiwasha hali ya kukagua ili uingie ndani ya skripti hatua kwa hatua, izime ukimaliza, kwa sababu msimbo uliotengenezwa kwa hali hiyo hauzolewi, na kumbukumbu ya seva itajaa kidogo kidogo kama pipa chini ya bomba linalovuja.

Sasa la kuwasha upya.

Katika ofisi niliyofanya kazi kabla ya hiyo yenu, nilikuwa na cheo, na kiburi kingi kuliko chako. Niliona kutengeneza skopu mpya, yaani chumba kipya cha majina, kwa kila mwanachama ni anasa. Nikatengeneza moja, wote waipitie. Kulikuwa na skripti ya makato yenye mstari huu: mwanachama akizidi miaka kumi, punguzo liwe 0.02. Hakuna kilichosemwa kuhusu asiyezidi. Angepitia chumba kipya, jina punguzo lisingekuwepo, skripti ingelalamika palepale nasi tungerekebisha siku ya kwanza. Katika chumba changu cha pamoja, mzee wa miaka kumi na mbili alipita akaliacha punguzo lake juu ya meza, na waliomfuata wote wakaondoka nalo. Majaribio yetu yalianza na mzee kama huyo, kwa hiyo kila kitu kilikubali.

Shida ilionekana asubuhi tu, baada ya seva kuwashwa upya, na tena si kila asubuhi. Wa kwanza kwenye foleni akiwa mgeni katika chama, kosa. Akiwa mkongwe, siku nzima shwari. Mimi, mtaalamu, nikatangaza kuwa seva "haijapata moto", na dawa yangu ikawa kuizima na kuiwasha. Wakati mwingine ilisaidia, kwa sababu wakati najisumbua na seva, mkongwe mmoja alikuwa ameshafika mbele ya foleni. Kila nilipoiwasha upya nilikuwa nafuta meza na kuondoa ushahidi kwa mikono yangu. Nilifanya hivyo kwa muda wa aibu kuutaja. Na punguzo walilopewa wasiostahili, kuna mtu alikaa na kalamu akalitafuta moja moja.

Ndiyo maana nakuomba, hizo mara tatu za jana zitoshe. Ikigoma tena leo, iache imegoma. Chukua maneno ya kosa yakiwa kamili, na jina la skripti, na nani alikuwa anahudumiwa, na nani alimtangulia. Injini iwe moja, skripti ikompailiwe mara moja, skopu iwe mpya kwa kila ombi. Hakikisha hakuna aliyeirudisha dhambi yangu ya zamani. Mwisho wa mwezi maombi yanaingia mawili mawili kwa wakati mmoja, na IronPython haina ile kufuli kuu ya Python ya kawaida ya kuyapanga mstari. Kisha niletee karatasi, si picha.

Kule ofisini kwa zamani, aliyegundua kabla yangu alikuwa mama wa dirisha la pili. Hakujua Python ni nini. Alichojua ni kwamba akianza asubuhi na akaunti ya mwalimu mmoja mstaafu, akaifungua tu na kuifunga, siku inakwenda vizuri. Tulicheka sana, tukasema mama ana mambo ya kienyeji. Kasoro tuliiondoa, mimi nikahama, seva ile imeshauzwa chakavu. Juzi nimekutana naye kituo cha daladala. Ananiambia bado anaanza na akaunti ya mwalimu.