Kazi ya Sindano Iliyokatika Katikati



Tabitha alipokufa kule Yopa (Matendo 9), wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Andiko halisemi kama kikapu chake kilibaki na nguo isiyoisha. Mimi nafikiri kilibaki.

Mama zetu wengi wa Lubumbashi walijifunza kushona na kufuma kwenye fwaye za Union Minière, kisha za Gécamines. Mwaka 1992, ndugu zetu Wakasai waliofukuzwa walipolala kwenye gare ya Likasi, nani aliwaza kitambaa cha nusu?

Mama, usione haya. Kuacha sindano ili uende kwenye kilio si uvivu. Nehemia aliitwa mara nne akakataa kushuka, na ukuta ukaisha kwa siku 52. Lakini yeye aliitwa na adui. Masengenyo yakikuita, bakia na uzi wako. Mgonjwa akikuita, nenda.

Ila ukiondoka, toa sindano kwenye kitambaa, maana wakati wa mvua inaleta kutu. Kitanzi kikianguka, usivute. Shuka mpaka kitanzi kilicho kizima, kikamate kwa ndoano ya kroshe, panda nacho mstari kwa mstari. Panya wakila ukingo, fumua mpaka pahali pazima, osha uzi, utundike na kitu kizito, utanyooka. Bwana naye hatupi nguo nzima kwa sababu ya kitanzi kimoja.

Binti ambaye mama yake alifariki akiacha kazi ya nusu, ailete Alhamisi baada ya maombi. Mama wazee wanaojua mkono wa marehemu watamwonyesha pale alipoachia.