Ushindi Usio na Aliyeshindwa

Msomaji, nakuomba ulitafakari swali ambalo washabiki wa mpira hulipita mbio: je, mtu aweza kuitwa mshindi ikiwa hakumshinda mwenziwe?

Swali hili si la hewani. Huko Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ndiko iliko Kanyamwa, nchi aliyoishi Gor wa Ogada, mganga aliyefariki yapata mwaka 1920. Wajaluo walimwita Gor Mahia, na mahia maana yake ni maajabu, kwa kuwa ilisimuliwa kwamba aliweza kujigeuza apendavyo na kuwaponyoka waliomwandama. Mwaka 1968 timu mpya ya mpira ilichukua jina lake, na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka 1976 ilimaliza ligi bila kushindwa hata mchezo mmoja. Wako waliosema kwamba uganga wa mzee ulikuwa miguuni mwa vijana wale. Mimi siafiki. Mwaka 1979 timu ile ile, yenye jina lile lile, ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikafungwa na Canon ya Yaoundé mabao 2 kwa 0, kisha 6 kwa 0. Uganga unaolala siku ya haja ni uganga gani?

Miaka minane baadaye, mwaka 1987, Gor Mahia ilirudi katika fainali ya kombe hilo, nahodha wake akiwa Austin Oduor. Mpinzani alikuwa Espérance ya Tunis. Mchezo wa kwanza ulichezwa Tunis, ukaisha 2 kwa 2. Wa pili ulichezwa Nairobi, ukaisha 1 kwa 1. Jumla ni 3 kwa 3. Lakini kanuni ilisema kwamba timu zikitoshana, mabao ya ugenini yapewe uzito zaidi. Gor ilikuwa na mawili ya ugenini, Espérance moja. Kombe likabaki Kenya, na hakuna timu nyingine ya nchi hiyo iliyopata kutwaa kombe la bara zima.

Sasa simama kidogo, usikimbilie kushangilia. Jitie katika viatu vya mchezaji wa Tunis. Alicheza dakika 180, hakushindwa hata siku moja, naye akarudi kwao mikono mitupu. Akikuambia, "Hamkutushinda, mmetuhesabu tu," utamjibu nini?

Waweza kumjibu kwamba kanuni ilijulikana kabla ya mpira kupigwa, na pande zote mbili ziliiridhia. Jibu hilo ni zuri, ila halitoshi, maana watu wameridhia kanuni nyingi mbovu duniani. Ni lazima uonyeshe pia kwamba kanuni yenyewe ina maana. Afungaye ugenini amesafiri mbali, amelala kitanda kigeni, amezomewa na uwanja mzima. Debe moja la mahindi lililovunwa katika shamba la mawe limemtoa mkulima jasho kuliko debe la bondeni. Ni kweli kwamba huko Ulaya kanuni hii ilifutwa mwaka 2021, kwa kuonekana kwamba tofauti ya nyumbani na ugenini imepungua. Lakini kipimo kikibadilishwa leo, nafaka iliyopimwa jana hairudishwi ghalani.

Katika mashindano hayo Peter Dawo wa Gor Mahia alifunga mabao 10, akawa mfungaji bora. Wengine watasema hesabu hiyo ndiyo ya haki, kwa sababu haikuhitaji kanuni ya kupima. Si hivyo. Bao nalo ni bao kwa kuwa watu wamekubaliana juu ya mstari wa chokaa.

Basi ukiipenda kanuni inapokupa, nakuuliza habari za Awendo, katika Kaunti ya Migori. Timu ya kiwanda cha sukari cha huko, Sony Sugar, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006, ikiwaacha nyuma wakubwa wa Nairobi. Mwaka 2019 iliondolewa katika ligi, kwa sababu kutokana na ukata wa fedha haikufika uwanjani katika michezo mitatu. Nao hawakufungwa katika michezo hiyo, bali walihesabiwa. Kanuni ya mwaka 1987 ilipima mabao; hii ilipima mfuko. Ile ya kwanza naikubali kwa moyo mweupe. Hii ya pili naikubali shingo upande, nikikumbuka kwamba upande wa pili kulikuwa na vijana kumi na mmoja waliovaa jezi, wakapanga mstari, wakangoja, na hakuna aliyekuja. Haki ya hao ungeiweka wapi?