Tunaipenda Programu, au Watu Waliomo?

Nikiulizwa programu gani ya simu naipenda kuliko zote, nitasema WhatsApp. Ndiyo ya kwanza kuifungua asubuhi na ya mwisho usiku. Ila nikibanwa nieleze naipendea nini hasa, naanza kutafuta maneno. Telegram ilikuwa na chaneli miaka mingi kabla WhatsApp haijaziiga mwaka 2023. Signal inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida na haina matangazo. Kwa ubora mtupu sioni WhatsApp ikishinda kirahisi. Ninachokipenda humo ni shangazi yangu wa Mbinga, anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu zikiwa za salamu.

Hapa Songea grupu la ukoo ni baraza. Msiba ukitokea Peramiho, taarifa inaingia humo, orodha ya michango inafuata, mara gari limepatikana, mara nani atangulie na turubai. Siku hizi unaweza kutoka kimyakimya, anayejulishwa ni msimamizi tu. Lakini jaribu uone. Kufika jioni ukoo mzima unajua fulani kalefti, na kulefti grupu la ukoo si jambo la simu tena, ni jambo la kuitwa kikao.

Sasa, mtu aliye katika hali hiyo amechagua? Swali hili linanisumbua kila ninaposoma habari za makampuni makubwa yakigombania "watumiaji". Mwaka 2014 Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, kampuni ile ilikuwa na wafanyakazi hamsini na kitu tu. Hela yote ile haikuwa ya meza na kompyuta. Kilichonunuliwa ni mazoea ya watu kutafutana mahali fulani. Yaani mimi na shangazi tulikuwa ndani ya bei, na hakuna aliyetuuliza.

Watu husema: hujalazimishwa, ondoka. Januari 2021, masharti mapya ya WhatsApp yalipozua hofu, mamilioni duniani walipakua Signal na Telegram. Na mimi nilipakua. Nikawakuta humo watu watatu ninaowajua, mmoja wao fundi simu. Nikarudi. Oktoba 4 mwaka huohuo WhatsApp, Facebook na Instagram zikazimika kwa takriban saa sita, na wengi wetu hatukuhamia kokote, tulisubiri. Muuza nyanya wa soko kuu akinipunja, kesho naenda Bombambili, na nyanya za kule zinaliwa vilevile hata nikienda peke yangu. Mawasiliano hayako hivyo. Ukihama peke yako umehamia porini.

Kwa hiyo yule anayeniambia "kama unajali faragha yako, ifute" ananitaka nilipe kwa ndugu zangu. Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, mwaka 2018 aliwahimiza watu waifute Facebook, akatoa dola milioni 50 kuisaidia Signal. Nampa heshima yake. Ila alishauza, nasi tulikuwa bado ndani.

Ajabu ni kwamba sisi Watanzania jambo la aina hii tuliwahi kulitatua, kwenye pesa. Mnakumbuka enzi zile ukimtumia mtu wa mtandao mwingine anapata msimbo, anaukimbiza kwa wakala? Ndiyo maana watu walitembea na laini tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel waliunganisha huduma zao za pesa, Vodacom akaingia 2016, na hela ikaanza kuvuka kutoka simu hadi simu. Mwaka 2017 ikaruhusiwa hata kuhama mtandao na namba yako ileile. M-Pesa haikufa. Makampuni yanaendelea kushindana kwa makato, kwa mawakala, kwa bando. Kilichopungua ni nguvu ya kumshika mteja kwa sababu tu mama yake yuko upande ule.

Ulaya nao tangu 2024 sheria yao inaitaka WhatsApp ifungue mlango kwa huduma nyingine za ujumbe zitakazoomba. Mimi nataka kitu kama hicho hapa, na nadhani ni haki, kwa sababu undugu wangu haukutengenezwa na kampuni yoyote.

Kuna mahali nasita, lakini. Pesa ikivuka mtandao, kampuni zote mbili zinaiona, na hatuoni shida. Ujumbe haufai kuonwa na mtu yeyote njiani, na kila mlango mpya ni mahali pa mtu kusimama akisikiliza, awe mfanyabiashara au serikali. Wataalamu wanasema inawezekana kuvusha ujumbe ukiwa umefungwa mwanzo hadi mwisho, ila kwa kazi ngumu. Basi kazi hiyo ifanywe na waliotununua kwa mabilioni. Mpaka hapo nitaendelea kubaki kwenye grupu la ukoo, na nisihesabiwe kuwa mteja aliyeridhika.