Akiba, Tauni na Tawakali

Mfanyabiashara anayejiandaa kwa maradhi ambayo hayajafika, je, amepungukiwa na imani? Mwaka 2020 swali hili lilikuwa zito nchini Tanzania. Machi 16 ilitangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa korona, abiria aliyetoka Ubelgiji na kutua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, akafikia Arusha. Shule zilifungwa, lakini misikiti na makanisa yakabaki wazi, na kuanzia Aprili 17 Rais John Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa. Masoko hayakufungwa. Hata hivyo watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020, na Mkoa wa Arusha, unaoishi kwa safari za mbuga na mlima, ukaumia vibaya.

Dini zenyewe zililijibu swali hili zamani. Mwaka 639 hivi, tauni ilipoikumba Sham (eneo la Syria), Khalifa Omar bin al-Khattab alikatiza safari yake ya huko akarudi. Abu Ubayda, kamanda wake huko, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar alijibu kwamba anatoka kwenye kadari moja ya Mungu kwenda nyingine, akatoa mfano wa mwenye ngamia aliyefika bondeni, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Mfugaji wa Terrat, kata ya kusini mwa Jiji la Arusha, hahitaji kufafanuliwa mfano huo. Upande wa Walutheri, ambao ni wengi Arusha na Meru, Martin Luther aliandika mwaka 1527, tauni ikiwa Wittenberg, kwamba anayemwomba Mungu atumie pia dawa, afukize nyumba na aepuke mahali asipohitajika. Kuidharau kinga, kwake, kulikuwa kumjaribu Mungu.

Kwa hiyo ndoo ya maji yenye koki mlangoni mwa duka haipingani na sala. Maandalizi yenyewe ni ya kawaida kabisa: akiba ya kulipia kodi ya pango mauzo yakikatika, msambazaji wa pili wa unga na sukari, malipo kwa simu. Jambo linalosahaulika zaidi ni daftari la mikopo. Katika maduka mengi ya mtaani mwenye duka peke yake ndiye anayeelewa mwandiko wake, nani anadaiwa, nani amelipa nusu, na funguo za stoo anazo yeye. Akilazwa wiki mbili, duka linafungwa hata kama bidhaa zimejaa. Kumfundisha mtu wa pili kulisoma daftari hilo hakugharimu kitu.

Swali gumu zaidi ni biashara inaandaliwa kwa ajili ya nani. Luther aliruhusu watu kukimbia tauni, ila kwa sharti: asiondoke mwenye wajibu kwa wengine kabla hajahakikisha kuna wa kuwahudumia. Sharti hilo linambana mwajiri. Wapagazi wengi wa Kilimanjaro na Meru hulipwa kwa safari. Safari zikikoma, kipato kinakoma siku hiyohiyo. Kampuni inayojiokoa kwa kuwaacha mikono mitupu imehifadhi magari yake, lakini kwa kipimo cha sharti hilo haijawa tayari. Akiba iliyotengwa mapema kwa ajili ya posho yao ni sehemu ya gharama za biashara, kama ilivyo mafuta ya gari.

Wamasai nao walijiandaa kwa njia yao: ng'ombe waligawanywa kwa marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa usimalize boma lote. Sotoka, maradhi ya ng'ombe, ya miaka ya 1890 ilionyesha mpaka wa kinga hiyo, kwa kuwa iliua mifugo karibu kila mahali, na ndui na njaa vikaandamana nayo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA leo vina mfuko wa jamii unaotengwa na fedha za mikopo, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mfuko huo nao huyumba wanachama wote wakipigwa kwa pamoja, ndiyo maana kikundi cha waongoza watalii watupu ni dhaifu kuliko kile chenye mkulima wa maharage, fundi cherehani na mfugaji ndani yake.