Heshima ya Kumketisha Mzee



Katika 1 Samweli sura ya 4 twasoma habari za kifo cha kuhani Eli. Umri wake ulikuwa miaka 98, macho hayaoni tena, naye alikuwa ameketi kitini kando ya njia akingojea habari za vita. Alipoambiwa kwamba sanduku la Mungu limetekwa, alianguka kwa nyuma, akavunjika shingo, akafa. Wahubiri hupenda kusimulia dhambi za wanawe, na ni haki yao. Lakini mwandishi wa kitabu kile hakuona haya kutaja na habari za mwili, kwamba Eli alikuwa mzee, tena mzito. Basi kuanguka kwa mzee si jambo dogo la nyumbani lisilostahili kuzungumzwa kanisani.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Zaidi ya wanane katika kila kumi ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama hii yetu, na waliopita miaka 60 ndio wanaoumia zaidi. Hapa Bunda hatuhitaji hesabu hizo ili tuamini. Masika yakija, udongo wa mbuga huteleza kama sabuni. Choo kiko nje, usiku ni giza, na bibi amevaa kandambili zilizokwisha kabisa. Akivunjika nyonga, huenda akapelekwa mpaka Bugando kule Mwanza, na wengi wa wanaorudi hawatembei tena kama zamani.

Amri ya tano yatutaka tuwaheshimu baba na mama. Sisi tulio watoto na wajukuu tumezoea kuitimiza kwa kuwaketisha. "Kaa tu, babu, nitakuletea." Maji twamletea, jembe twamnyang'anya, na akitaka kwenda dukani twamtuma mtoto. Majirani hutusifu. Lakini je, hii ndiyo heshima?

Tuangalie mwili ulivyoumbwa. Kinachomshika mtu asianguke ni macho, ni sehemu ya ndani ya sikio, ni nyayo na viungo vinavyohisi ardhi, pamoja na nguvu za mapaja. Vyote hivyo hudumu kwa kutumika. Msuli usiotumika hupungua, na kwa mzee hupungua upesi kuliko kwa kijana. Mzee aliyeketishwa miezi sita, siku moja sote tuko shambani, asimama peke yake kwenda kujisaidia, na miguu haimtii. Hapo twasema ni uzee. Nusu ni uzee kweli. Nusu ni kile kiti tulichompa kwa upendo.

Tena si upendo mtupu. Mzee aliyeketi hatusumbui. Na akianguka akiwa mikononi mwetu, ndugu wa mbali watasema tumemtupa; kwa hiyo twamfunga kitini ili jina letu lisiharibike. Hapo mwenye kuheshimiwa ni sisi, si yeye.

Liko jambo jingine baya zaidi. Katika kanda hii ya ziwa mzee akianguka ghafula, wapo wanaouliza "Nani amemfanyia?" kabla ya kuuliza "Ameteleza wapi?" Jibu la swali hilo la kwanza limepata kumwaga damu ya vikongwe wasio na hatia, ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mkristo na aulize swali la pili. Je, ana mtoto wa jicho? Anasimama ghafula toka kitandani na kichwa kinazunguka? Anakunywa dawa za presha au za usingizi zinazomlegeza? Ana kisukari kilichotia ganzi nyayo zake? Mambo haya mganga wa zahanati aweza kuyaangalia, na hayamtaki jirani hata mmoja afukuzwe kijijini.

Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio zaidi ya mia moja yaliyofanywa kwa wazee waishio majumbani mwao, wakaona kwamba mazoezi ya kusimama imara na ya kutia miguu nguvu hupunguza kuanguka kwa kiasi cha robo hivi. Si mambo ya uwanjani. Mzee ashike ukuta, ainue mguu mmoja na kuhesabu mpaka kumi, kisha wa pili. Ainuke kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, mara tano, mara nane. Atembee akitanguliza kisigino mbele ya vidole, mjukuu akiwa ubavuni. Mara tatu kwa juma zatosha kuanza, ila asiachwe peke yake.

Na mkongojo? Wanaume wa Mara hushika fimbo tangu ujana, lakini ikifika siku ya kuiegemea huona haya. Yakobo mwana wa Isaka alichechemea tangu usiku ule wa Penieli, na waraka kwa Waebrania 11:21 wamkumbuka katika ibada yake ya mwisho pamoja na fimbo yake, wala hausemi kwamba ilimpunguzia cheo. Mpini wake ufike usawa wa kifundo cha mkono, nayo ishikwe upande ulio kinyume cha mguu mbovu. Wengi hukosea hapo.

Lakini mzee akikataa? Hapa ndipo ugumu. Mzee mwenye akili timamu asemaye, "Nitakwenda shambani kwangu, nikianguka nimeanguka," hana budi kusikilizwa. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, wala hatujamsikia mtu akisema kwamba kule kulima kulimvunjia heshima. Ambieni mzee wenu hatari yote bila kumficha, kisha mfuateni mkiwa na jembe la pili. Hata hivyo, bibi aleaye wajukuu yatima hamiliki nyonga yake peke yake, na yampasa naye kukubali taa, viatu vyenye kushika ardhi, na mkono wa mtu penye utelezi. Mtu mzima hakosi kuyaelewa haya akiambiwa kwa adabu, baada ya shikamoo, wala si kwa kufokewa kama mtoto.

Kanisani nako, twawaalika wazee wetu wapande kidato mpaka kwenye reli ya Meza ya Bwana, wapige magoti, wainuke, washuke, na hakuna kitu cha kushika isipokuwa bega la aliye mbele. Wengine wameacha kuja mbele kwa hofu, nao hawamwambii mtu. Wazee wa kanisa wakipita kuamkia watu baada ya ibada, wawaulize hao kwa siri kama wangependa kupokea wakisimama, au padre awaletee walipoketi. Na fundi yeyote mwenye kipande cha mbao ngumu cha kutengenezea mshikilio pale kwenye kidato, aseme na mtunza hazina kabla masika hayajaanza.