Mgeni, Mwenyeji na Njia ya Soko

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Ama baadu, enyi ndugu zetu Waislamu:

Jambo hili la kuunganishwa nchi zetu za Afrika Mashariki yatupasa tulitazame kwa jicho la dini, wala si kwa hamaki. Jumuiya ya kwanza ilifanywa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977; mpaka wa Kenya na Tanganyika ya zamani ukafungwa, usifunguliwe hata mwaka 1983. Mdigo wa Vanga na nduguye wa upande wa Tanga, lugha yao moja na nasaba yao moja, wakatengwa kwa ugomvi usiokuwa wao.

Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Lakini watu walipoulizwa, miaka ya 2006 na 2007, juu ya kuharakisha serikali moja, Watanzania walio wengi walikataa. Na katika sababu zao kubwa ni khofu ya ardhi. Basi hata katika baraza za misikiti husikia huyu akisema, "Wale wachoyo," na yule akijibu, "Hawa wanyang'anyi."

Jueni ya kwamba dhana hizi mbili ni mbaya. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Hujurati kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, hakusema tudharauliane. Kupenda nchi si dhambi. Dhambi ni kumsaidia mtu wako katika dhulma.

Tazameni Madina. Mtume (s.a.w.) alipowafunga udugu Muhajirina na Ansari, Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahmani bin Aufi nusu ya mali yake. Abdurrahmani akamwombea baraka, asipokee, akataka aonyeshwe njia ya soko tu. Mwenyeji alikunjua mkono, na mgeni akauzuia wake. Udugu husimama kwa mawili haya. Likikosekana moja, huanguka.

Na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imefungua njia ya soko, na ardhi imeiacha chini ya sheria ya kila nchi. Basi, ewe mfanya biashara uvukaye Horohoro, nenda na mizani ya haki, wala usinunue shamba kwa jina la mwingine ili uikwepe sheria. Nawe mwenyeji, usimwite mgeni mwizi nawe hujamwona akiiba.

Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo kabla ya mipaka. Amin.